Mitume Waliosimama Kumwamkia Baba Mdogo

Mimi ni mtu wa kufuta. Nikichora jicho nalifuta, nikilichora tena nalifuta tena, mpaka ukuta wenyewe unachoka. Mwenye bucha mmoja hapa Ilongero aliwahi kunifukuza kazi kwa sababu ng'ombe wake alikaa wiki nzima bila jicho la kushoto. Aliniambia watu wanakuja pale kununua nyama, hakuna anayekuja kuangaliwa na ng'ombe. Alikuwa na haki. Lakini lile jicho lilikuwa linatazama vibaya, na mimi kitu kikinitazama vibaya silali.

Sikusomea kuchora popote. Nilijifunza kwenye simu, tena simu yenye ufa unaokatiza kioo kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo kwa muda mrefu niliamini kwamba yule mwanamke maarufu wa tabasamu la nusu ana kovu shavuni. Nilimnakili hivyo hivyo, na kovu lake, kwenye ukuta wa saluni moja karibu na stendi. Wateja walimpenda sana. Walidhani ni mtu wa Mkalama.

Baba mdogo ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, kwa hiyo namwita baba, na yeye ananiita kijana, jina ambalo kwake linabeba mapenzi na malalamiko kwa uzito sawa. Ana mashine ya kukamua alizeti. Nguo zake, kofia yake, hata Biblia yake, vyote vinanuka mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Kwa maoni yake, kazi ni kitu ambacho ukiacha kukifanya kuna mtu atakuja kulalamika.

"Mimi nikizima mashine," aliniambia, "sijamaliza hata chai, mama wa watu yuko getini na gunia lake. Wewe ukiacha kuchora, nani atakuja?"

Aliyewahi kuja kulalamika ni mwenye bucha peke yake, na sikuona faida ya kumtaja.

Ikawa mwaka huu, baada ya mavuno, mwalimu mmoja wa sekondari anayefundisha vijana maigizo siku za Jumamosi akaandaa onyesho mjini Singida. Aliliita picha hai. Pazia linafunguliwa, na ndani ya fremu kubwa ya mbao iliyopakwa rangi ya dhahabu kuna watu waliovaa na kukaa kama walivyo watu wa picha fulani maarufu duniani. Hawatikisiki. Muziki unapigwa, unatazama, pazia linafungwa. Basi. Mwalimu alikuwa ameniomba nimchoree ukuta wa nyuma wa picha ya karamu ya mwisho ya Yesu na mitume, ule wenye madirisha. Nilichora madirisha, nikayafuta, nikayachora, nikayafuta, mpaka siku moja nikamkuta anapigilia shuka misumari. Hakunisema. Alinipa kadi mbili za mwaliko, kwa sauti ile wanayotumia watu wanapokupa pole ya msiba.

Kadi moja ilikuwa yangu. Ya pili nilimpelekea baba mdogo mashineni, kwa sababu ndizo siku alizokuwa ananitaka niache brashi niende kufanya naye kazi, na nilitaka aone kwamba duniani kuna watu wengine wanaohangaika na ugonjwa wangu.

"Wanaimba?" aliuliza, akiigeuza kadi.

"Hapana, baba."

"Wanaongea?"

"Hapana. Wanaganda."

"Wanaganda."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo mtu anatoka kwake, anafunga mlango, anakwenda mjini kutazama watu walioganda."

"Ndiyo, baba."

Alifuta mikono kwenye suruali, jambo lililoiongezea suruali mafuta bila kuipunguzia mikono chochote.

"Nakuja," alisema. "Nikielewa kwa nini mtu mwenye akili zake aache shughuli akakae kutazama kitu kisichotembea, nakupa mwaka mzima uchore na sitakusumbua. Nisipoelewa, Jumatatu uko hapa, na hizo brashi zako tutapakia grisi."

Mama mdogo alikuwa anapita na ndoo. Alisema, "Nimesikia." Kwa hiyo likawa agano.

Jumamosi ya onyesho tulichelewa. Nilijua tutachelewa. Baba mdogo hawezi kumpita mtu anayemfahamu barabarani bila kuzima pikipiki, na kati ya Ilongero na mjini anawafahamu wote. Akizima anasalimia kwa utaratibu wake: nyumba, watoto, mifugo, mgonjwa kama yupo, na kama hayupo, aliyewahi kuumwa. Mimi nyuma yake nilikuwa nimevaa shati nililolipiga pasi mara mbili, nikihesabu makunyanzi mapya kila tuliposimama.

Ukumbi ulikuwa ule wa harusi, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na utepe wa zambarau, na mlango wake uko ubavuni, pale pale jukwaa lilipo. Ukiingia unatokea karibu na waigizaji kabla ya kuwaona watazamaji. Na kwa ubavuni fremu haionekani kuwa fremu. Inaonekana nguzo.

Mkubwa hutangulia, kwa hiyo baba mdogo alitangulia. Pazia lilikuwa limeshafunguliwa. Alichokiona yeye ni meza ndefu, kitambaa safi, vikombe, chapati (mikate ya kwenye picha haikupatikana), na vijana kumi na watatu wamekaa upande mmoja wa meza kama wanaosubiri wali uive. Wengine walikuwa na ndevu za pamba, wengine za manyoya ya mbuzi. Wawili walikuwa wasichana. Mmoja alikuwa kipa wa timu ya vijana, Mwislamu safi, aliyechukuliwa kwa sababu ndevu zake zilikuwa halisi na mwalimu alikuwa ameishiwa gundi.

Nusu yao walikuwa watoto wa wateja wa alizeti.

Baba mdogo alisimama, na nikajua anachosubiri. Mtu wa umri wake akiingia mahali penye vijana hasalimii kwanza. Anasimama. Anawapa nafasi. Vijana waliolelewa wanajua la kufanya, na wasiolelewa wanajulikana hapo hapo. Nilimshika kiwiko.

"Baba, hawa ni picha."

"Nani?"

"Hawa. Twende tukakae."

Hakunisikia, au alisikia akaona ni upuuzi. Alivua kofia, akakohoa kidogo, kikohozi cha kuwakumbusha.

Nilimwona mtume wa mwisho, aliyekuwa karibu nasi, akihamisha macho. Mama yake huleta magunia kwetu kila msimu. Shingo ilibaki ilipowekwa na mwalimu, mikono ilibaki hewani kwa mshangao wa kwenye picha, ila macho yalikuja kwa baba mdogo, yakarudi, yakaja tena. Kijana alikuwa anateseka. Upande mmoja alikuwa na sanaa ya dunia nzima, upande wa pili alikuwa na mama yake.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba."

Basi ikawa kama nyasi kavu zimeshika moto. Wa pili akasimama, shikamoo. Wa tatu, shikamoo. Kipa akasimama na kuweka mkono kifuani. Wasichana wakapiga goti na ndevu zao. Hata yule wa katikati, ambaye kwa cheo alichokuwa nacho kwenye ile picha hakupaswa kumwamkia mtu yeyote duniani, alinyanyuka nusu, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, marahaba, marahaba," baba mdogo alikuwa anajibu mmoja mmoja, bila kumruka mtu. "Kaeni, kaeni. Kuleni chakula."

Mmoja peke yake hakutikisika. Alikuwa ameweka kiwiko mezani, mwili umerudi nyuma, na mkononi ameshika kifuko. Baba mdogo alimtazama. Tena alimsogelea hatua, akamtazama.

"Na huyu?"

Kutoka viti vya nyuma mtu alipaza sauti: "Huyo ndiye msaliti, mzee! Ulitegemea akuamkie?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mama mmoja akadakia, "Hana adabu tangu enzi hizo!" Mitume wenyewe walishindwa, ndevu zikaanza kudondoka kwenye chapati. Pazia lilifungwa kwa kukwamakwama, na lilipofika mwisho mguu wa mtume mmoja ulibaki nje, una kandambili.

Niseme ukweli, sikucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi kuharibika: taa, muziki, fremu kuanguka. Sikuwa nimejiandaa kwamba kitakachoharibu onyesho ni mimi kumleta mzazi. Nilimwona mwalimu pembeni ya jukwaa, amejifunika uso kwa kanga, na sikujua analia au anafanya nini. Nilitaka kwenda kumwomba radhi, kisha niwaombe radhi waigizaji, kisha watazamaji kwa safu. Kichwani nilikuwa nimeshaianza Jumatatu yangu mashineni, na nilikuwa naifanya vibaya.

Tulipata viti karibu na yule mama aliyedakia. Alimweleza baba mdogo kwa upole kwamba wale walikuwa wanaigiza picha na hawakutakiwa kutikisika.

"Kumbe walikuwa wameshaanza," baba mdogo alinigeukia.

"Ndiyo, baba. Lakini hakuna shida."

"Nimeharibu."

"Hujaharibu, baba."

"Kijana, nimeharibu," alisema, akaweka kofia juu ya magoti, na mikono juu ya kofia. Ungeweza kumwekea fremu.

Pazia likafunguliwa tena. Alikuwa yule mwanamke wa tabasamu la nusu. Hakuwa na kovu, jambo ambalo, pamoja na yote niliyokwisha kuyajua, liliniudhi kidogo. Kisha nikaona mikono. Kwenye picha mkono wa kulia uko juu ya wa kushoto. Huyu alikuwa ameupandisha wa kushoto.

"Mikono imekosewa," nilimnong'oneza baba mdogo.

Yeye alikuwa anamtazama usoni.

Akaja msichana wa hereni, yule anayegeuka kukutazama kama umemwita. Hereni ilikuwa kifungo cha koti, na kilemba kilifungwa kama cha mtu anayekwenda kupura uwele. Nilikuwa bado natengeneza malalamiko yangu pale nzi alipotua kwenye paji lake la uso. Ukumbi wote ukaacha picha ukamtazama nzi. Akashuka kwenye pua. Akapumzika. Akaenda mdomoni, na mdomo wa msichana yule, kama ulivyo kwenye picha, ulikuwa wazi kidogo.

"Mungu wangu," alisema yule mama jirani. "Anaingia."

Hakuingia. Alizunguka ukingoni kama mnunuzi asiyeridhika na bei, akaruka. Msichana hakuwa amepepesa jicho. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Nikagundua baba mdogo amesogea mbele ya kiti na kwamba alikuwa amebana pumzi, kwa sababu aliiachia kwa mkupuo kama mashine inayozimwa.

Halafu wakaja wale wawili wa picha ya Marekani, mkulima na mama, wamesimama mbele ya nyumba. Mwanamume ana miwani na ameshika uma wa kukusanyia majani, meno yake matatu yametazama juu. Mwanamke anatazama pembeni. Hakuna anayecheka. Nilikuwa nahakiki kola ya mwanamume niliposikia sauti ya ajabu kando yangu. Baba mdogo alikuwa anacheka, chini chini.

"Hawa wamegombana," alisema.

"Nani?" mama jirani akauliza.

"Hawa. Leo asubuhi. Mwangalie mama anavyotazama kule. Kuna kitu bwana amefanya, hajasema, na mpiga picha ameshafika."

Mama alimkazia macho mwanamke wa jukwaani. "Kauza mbuzi bila kumwambia."

"Mbuzi hapana. Mbuzi ungeshasikia kelele. Huyu amemkaribisha dada yake aje kukaa."

"Ha! Basi ndiyo maana ameshika uma."

"Uma ni wa kumzuia mama asiondoke."

"Wa kumzuia wapi! Wa kujikinga!"

Safu ya mbele waligeuka, nikadhani wanataka kutunyamazisha. Mzee mmoja alisema kwa maoni yake dada ameshafika, yuko ndani ya ile nyumba, na ndiyo maana dirisha la juu limefungwa pazia. Baba mdogo alilitazama lile dirisha kwa muda, akakubali. Jukwaani mwanamke wa pichani hakucheka, ila kidevu chake kilianza kutetemeka, na kadiri kilivyotetemeka ndivyo alivyozidi kuonekana mtu aliyekosewa asubuhi. Pazia likafungwa.

"Ah!" baba mdogo akasema kwa sauti. "Mbona mapema hivyo?"

Yeye mwenyewe hakujisikia. Mimi nilisikia. Mtu alikuwa amelalamika kwamba kitu kimeachwa kufanyika. Nilitaka kumwambia na nikaogopa kuharibu, kwa hiyo nikanyoosha shati.

Kulipokwisha tulitoka nje. Jua lilikuwa bado kali. Baba mdogo hakusema lolote kuhusu agano letu, na sikuthubutu kuuliza. Tulikuwa tunaelekea kwenye pikipiki tuliposikia mtu anakimbia nyuma yetu, na kwa jinsi alivyokuwa anajikwaa nilijua amevaa vazi la enzi nyingine.

Alikuwa yule msaliti. Vazi lake lilikuwa pazia la sebuleni, limefungwa kamba ya katani kiunoni. Alisimama mbele ya baba mdogo, akainama sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Alimtaja baba yake, mtu wa Mtinko, na akasema yeye anaendesha bodaboda hapa mjini. "Nimekuja kuomba radhi, mzee. Kule ndani sikukuamkia. Wenzangu wote walikuamkia."

"Hukuniona?"

Kijana angeweza kusema hakuona. Alikuwa ameangalia upande mwingine, na kila mtu angemwamini. Mimi ningesema hivyo.

"Nilikuona, mzee. Nilikuona mpaka shingo ikauma."

"Na ukakaa."

"Nilikaa."

Baba mdogo aliivaa kofia, akaivua tena. Namfahamu. Nimemwona akimrudisha mtu kutoka getini aingie upya kwa sababu aliingia anaongea na simu. Nilijiandaa kuingilia kati, ingawa sikujua ningesema nini.

"Wenzako walinisalimia," alisema. "Walifanya vizuri, wamelelewa. Wewe ulikuwa kazini." Akampa mkono. "Mwambie baba yako nimekuona."

Kijana alishukuru, akarudi mbio, akakanyaga pazia lake, akaendelea.

Tulifika kwenye pikipiki. Baba mdogo alikaa juu yake bila kuiwasha.

"Nimeelewa," alisema.

Nilitaka kuruka. Nilitaka pia kumuuliza ameelewa nini hasa, na kama ameelewa vizuri, na kama yale ya dada yake bwana yanahesabiwa kuwa kuelewa. Kabla sijafungua mdomo aliniuliza yeye.

"Ungekuwa wewe pale mezani, ungefanyaje?"

Niliutafuta uongo mzuri. Kila nilioupata ulikuwa na kasoro.

"Ningekuamkia, baba. Ningekuwa wa kwanza."

"Najua. Ungeniamkia, ungeniletea kiti, ungeomba msamaha kwa sababu ya viatu vyako, halafu ungewaambia wenzako wafunge pazia muanze upya." Aliongeza kitu kwa Kinyaturu ambacho sitakiandika, kinahusu kuku na kutaga. "Leo umekaa pale ndani umeona mikono, umeona vifungo. Yule binti katembelewa na nzi, nimekutazama, ulikuwa unatazama kilemba."

"Kilifungwa vibaya, baba."

"Kijana."

"Ndiyo, baba."

"Mwaka unao. Nilisema, na mama yako mdogo alisikia, na huyo hasahau. Lakini kuchora unajua, sikupi mwaka wa kujifunza kuchora. Nakupa mwaka ujifunze kwamba nikisimama nyuma yako ukiwa kazini, usigeuke."

"Nisikuamkie?"

"Kazini."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani thubutu uone," alisema, akaiwasha.

Nilidhani lilikuwa neno la kusema tu. Jumatatu, badala ya kuwa mashineni, nilikuwa juu ya stuli mbele ya duka la dawa za mifugo, naandika jina la duka kwa herufi nyekundu, tena herufi ngumu, ile S, ambayo sijawahi kuiacha kabla ya kuifuta walau mara mbili. Nilisikia pikipiki inasimama. Nilisikia hatua. Kisha ikaja harufu ya mashudu, ikasimama nyuma ya kisigino changu.

Akakohoa.

Sijui kama mtu aliyelelewa kwingine anaweza kuelewa. Mgongo wangu wote ulimwamkia. Masikio yalimwamkia. Goti la kushoto lilianza kukunjika lenyewe juu ya stuli. Mkono ukaendelea na S, ukatoka nje ya mstari, tumbo la chini la ile herufi likawa kubwa kama la mtu aliyeshiba, na nilikuwa na kitambaa mfukoni, na sikukitoa kwa sababu kukitoa kungetaka nigeuke.

Akakohoa tena.

Nilifika mwisho wa S. Nilianza herufi iliyofuata. Niliifikisha katikati.

"Shikamoo, baba," niliuambia ukuta.

Mwenye duka alitoka, akamwona baba mdogo, akamwamkia haraka, akatutazama wote wawili bila kuelewa.

"Marahaba," baba mdogo alisema. "Ila hukugeuka."

Akaenda kuwasha mashine. Mwenye duka alirudi nyuma hatua chache, akaikagua kazi, akaniuliza kama ile S nitaiacha hivyo. Nilimwambia ndiyo. Akasema sawa, ila imeshiba.